Darasa Si Chumba cha Mtihani
Hotuba kwa walimu wa Maarifa ya Jamii katika mafunzo ya walimu kazini, Dodoma

Mbukwenyi, walimu.

Ndugu mgeni rasmi, maofisa elimu kata, walimu wakuu, na ninyi walimu wenzangu mnaofundisha Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira. Poleni na safari, hasa mlioamka usiku kuwahi basi la alfajiri kutoka Kondoa na Mpwapwa. Nimeombwa nizungumzie upimaji, na ninalo jambo moja tu la kusema.

Baraza la Mitihani linakutana na mtoto mara moja, kwa muda usiozidi saa mbili kwa kila somo, tena bila kumjua jina. Wewe unakutana naye mwaka mzima. Unajua anatembea umbali gani kuja shule, unajua akiulizwa anainamisha kichwa au ananyoosha kidole, unajua jana alikuwa anachunga. Kama ni hivyo, kwa nini jaribio lako la Ijumaa linafanana na karatasi ya Baraza kama pacha? Upimaji wa darasani unapaswa kufanya kazi ile ambayo mtihani wa taifa hauwezi kuifanya. Hilo ndilo nililokuja kuwaomba.

Naomba nisieleweke vibaya. Baraza lina kazi yake, na ni kazi kubwa. Lilianzishwa kwa sheria mwaka 1973, na leo watahiniwa wa darasa la saba peke yao wanazidi milioni moja kwa mwaka. Ukiwa na karatasi nyingi kiasi hicho, na matokeo yanasubiriwa nchi nzima, lazima maswali mengi yawe ya kuchagua na yasahihishwe kwa mashine. Sina ugomvi na mashine. Ninachokilalamikia ni mwalimu mwenye wanafunzi wake mbele yake, wana midomo, wana macho, wana bibi na babu nyumbani, naye anawapima kama vile yeye ndiye mashine. Jaribio la wiki, maswali kumi ya kuchagua. La mwezi, ishirini. La muhula, arobaini. Mtoto anamaliza shule ya msingi ameulizwa mara nyingi mno nani alikuwa wa kwanza na mwaka gani, lakini hajaulizwa hata siku moja: wewe umejuaje?

Jambo hili si geni kwetu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea alieleza wazi kwamba mitihani yetu inapima uwezo wa mtoto kukariri mambo na kuyatoa anapotakiwa, ndani ya muda uliowekwa. Kwamba haifanikiwi siku zote kupima uwezo wa kufikiri, na haipimi kabisa tabia wala utayari wa kuwatumikia wengine. Mwaka huohuo, kule Marekani, mtaalamu wa tathmini Michael Scriven alitenganisha tathmini ya kusaidia kitu kiboreke kingali kinaendelea na tathmini ya kutoa hukumu kikishamalizika. Watu wawili ambao hawakuwa wakizungumza pamoja, mwaka mmoja, wakigusa donda lilelile. Kisha mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka mtihani wa mwisho usiwe peke yake, kazi na mwenendo wa kila siku vihesabiwe. Mtaala wa sekondari wa 2005 ukaja na ujenzi wa umahiri. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu unasema umahiri. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa hapahapa Dodoma mwanzoni mwa 2025, nayo inasisitiza ujuzi. Zaidi ya nusu karne tunaandika lugha hiyo. Lakini fungua daftari la majaribio la mtoto wa darasa la tano uone lugha iliyomo humo.

Na mtoto si mjinga. Anasoma kile kinachopimwa. Ukimfundisha wiki nzima kuchunguza mmomonyoko wa udongo kwenye korongo lililo nyuma ya shule, halafu Ijumaa ukamuuliza ataje aina nne za mmomonyoko, umemwambia kwamba korongo lilikuwa mchezo, na orodha ndiyo elimu. Wiki ijayo ukimwita mkaangalie korongo atakuja na daftari ili aandike orodha.

Haya, tuingie kwenye kazi yenyewe. Nataka tutumie mfano wa Kongwa, kwa sababu ni historia na jiografia kwa pamoja, na uko mkoani kwetu.

Swali la kwanza, lile tulilolizoea: "Mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulianza kutekelezwa Kongwa mwaka gani? A. 1919. B. 1935. C. 1947. D. 1961." Mtoto akiandika C, umepima nini? Huenda anajua. Huenda amekisia, na aliyekisia ana nafasi moja kati ya nne. Hata kama anajua, anajua namba tu. Hajui kwa nini Mwingereza alitaka karanga, wala kwa nini matrekta yalikuja yakaondoka.

Swali la pili. Unaandika ubaoni maelezo mafupi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 matrekta yalianza kufyeka pori Kongwa ili kulima karanga katika eneo kubwa sana. Udongo wa huko una mfinyanzi mwingi, ukikauka unakuwa mgumu. Mvua ya Dodoma huja msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, kwa wastani milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na hasara ilifikia kama pauni milioni 36. Basi. Halafu unauliza: "Rafiki yako anasema mpango ulishindwa kwa sababu wakulima wa Kongwa hawakutaka kufanya kazi. Kwa kutumia maelezo yaliyo ubaoni, mjibu rafiki yako."

Tuseme umepata majibu matatu. Ninyi mnaosahihisha kila siku mtayatambua, maana kila darasa lina watoto wa namna hii.

La kwanza: "Mpango wa karanga ulianza Kongwa mwaka 1947. Mwaka 1951 mpango ulifutwa. Hasara ilikuwa pauni milioni 36." Mwandiko mzuri, nukta mahali pake.

La pili: "Si kweli. Mvua ilikuwa kidogo na udongo mgumu."

La tatu: "Rafiki yangu anasema bila ushaidi kwasababu ubaoni hakuna maneno ya wakulima kukataa kazi. Karanga zinazaa chini ya aridhi udongo ukiwa mgumu utazingoaje. Na mvua ikiwai kuisha karanga hazijai."

Jibu la tatu lina makosa ya tahajia. "Ushaidi," "aridhi," maneno yameunganishwa. Nimesimamia wanachuo wengi kwenye mazoezi ya kufundisha, na kalamu nyekundu hukimbilia kwenye makosa hayo, wakati jibu la kwanza linapewa pata tatu kwa sababu kila sentensi ni kweli. Ndiyo, kila sentensi ni kweli, ila hakuna hata moja inayomjibu rafiki. Yule mtoto amenakili ubao. Huyu wa tatu amefanya jambo ambalo wasomi wa historia wanalifanya kazini: ametazama dai, akatafuta ushahidi wake, akaona haupo, akasema haupo. Kisha akachukua anachokijua kutoka shambani kwao, kwamba karanga hung'olewa ardhini, akakiunganisha na udongo wa mfinyanzi. Hakuna mahali ubaoni palipomwambia hivyo. Ukimpa huyu alama sawa na mwenzake aliyenakili, au pungufu, umemfunza kwamba kufikiri hakulipi.

Kwa hiyo vigezo vyako viandike kabla hujasahihisha, tena uwaonyeshe watoto kabla hawajaandika. Kwa swali hili mimi ningetoa alama tatu. Alama moja kwa anayerudia maelezo tu. Mbili kwa anayechagua jambo linalohusika na kulitumia kumkatalia rafiki. Tatu kwa anayeeleza jambo hilo linapingaje dai, au anayegundua kwamba dai lenyewe halina ushahidi. Tahajia isahihishe, mwekee mstari chini ya neno, lakini alama yake iache kwa mwalimu wa Kiswahili. Vigezo vifupi hivi vinatosha. Nimeona majedwali ya vigezo yenye safu saba yanayotolewa kwenye semina; mwalimu mwenye watoto 90 hayatumii, anayabandika ofisini yakapata vumbi.

Ninajua mnataka kuniuliza: watoto 90, nitasoma majibu 90 ya maelezo saa ngapi? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba swali la namna hii si la kila siku. Moja kwa mada linatosha. Jibu liwe sentensi tatu au nne, na uwaambie hivyo. Kusoma sentensi tatu ukiwa umeshika vigezo vyako ni kazi ya muda mfupi kuliko kusahihisha maswali ishirini ya kuchagua. Na kama ni zoezi la kujifunza, si la kuweka kwenye ripoti, soma madaftari thelathini tu, utaona makosa yanayojirudia, uyafundishe kwa darasa zima kesho yake. Hao sitini waliobaki wabadilishane madaftari wapimane wenyewe kwa vigezo vilivyo ubaoni. Wapo watakaopendeleana. Lakini mtoto anayejaribu kuamua kama jibu la mwenzake ni la alama mbili au tatu anajifunza somo lile mara ya pili.

Baada ya kusoma, unarudisha nini? Hapa nataka nikae kidogo. Mwaka 1988 Ruth Butler, mtafiti wa Israeli, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita. Baadhi walirudishiwa kazi zikiwa na alama tu. Wengine maoni tu, bila alama. Wengine alama pamoja na maoni. Waliopewa maoni tu ndio waliosonga mbele. Waliopewa alama pamoja na maoni hawakufaidika na yale maoni. Wakishaona namba, maneno hayana kazi tena. Miaka kumi baadaye Paul Black na Dylan Wiliam wa London walipitia tafiti nyingi kuhusu upimaji wa darasani wakaona kwamba ukifanyika ili kumsaidia mtoto anapoendelea kujifunza, unainua ufaulu, na wanaonufaika zaidi ni wale walio nyuma.

Ninyi mnalijua hilo bila kusoma utafiti. Rudisha madaftari uone. Mtoto anafungua, anatafuta namba, anachungulia ya jirani, anafunga. Maneno yako ya pembeni, "ongeza juhudi," hayasomwi, na hata yakisomwa hayamwambii afanye nini. Juhudi gani? Aongeze wapi? Yule wa jibu la pili mwandikie hivi: "Umetaja udongo mgumu, vizuri. Sasa nieleze udongo huo ulimzuiaje mkulima wa karanga." Alama yake ibaki kwenye daftari lako la kumbukumbu. Halafu, na hili ndilo linalosahaulika, kipindi kinachofuata mpe dakika tano aandike jibu la swali lako chini ya maoni hayohayo. Usipompa hizo dakika, maoni yako umeandikia karatasi.

Upimaji mwingine hauhitaji karatasi kabisa. Mkulima wa mtama hapa Ugogo hasubiri siku ya kuvuna ndipo ajue kwelea kwelea wameingia shambani. Anazunguka kila asubuhi, anaangalia masuke. Mwalimu naye azunguke hivyo, na daftari dogo mkononi. Katika darasa la watoto 90, chagua tisa kwa kipindi, majina yao uyaandike kabla hujaingia. Wakati wa kazi za vikundi wasikilize hao tisa tu: nani anatoa sababu, nani anasema "kwa sababu mwalimu alisema," nani anasoma ramani akianza na ufunguo, nani hajui kaskazini iko wapi. Andika neno moja au mawili. Ukiwa na vipindi vitatu au vinne kwa wiki, ndani ya wiki tatu hivi umemsikiliza kila mtoto. Bila orodha, utawasikia walewale wanane wanaonyoosha vidole mbele, na wale wa nyuma karibu na mlango watamaliza mwaka hujawahi kusikia sauti zao.

Sasa niseme kuhusu kazi za masimulizi, maana hapa mkoani kwetu tuna utajiri ambao vitabu havina. Wazee wa Ugogo wanaikumbuka Mtunya, njaa kubwa iliyopiga mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza hadi 1920 hivi. Ukame ulikuwepo, ila majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yameshachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mwalimu anawaambia watoto: nendeni mkaulize nyumbani kuhusu Mtunya. Watoto wanarudi na hadithi, wengine ndefu, zinasisimua. Mwalimu anampa alama nyingi mwenye hadithi tamu.

Hapo tumekosea mlango. Utamu wa hadithi ni wa babu, si wa mtoto. Mtoto mpime kwa kazi yake yeye. Je, ameandika nani alimsimulia, wa umri gani, wa kijiji gani? Je, aliuliza, "wewe uliona au uliambiwa?" Njaa ile ina zaidi ya miaka mia moja, mzee anayeisimulia leo aliisikia kwa wazazi wake au kwa bibi yake. Mtoto anayelielewa hilo akaandika, "Babu aliambiwa na mama yake," ameshika jambo la msingi kabisa katika historia. Anayeongeza, "Bibi jirani anasema ng'ombe walichukuliwa na askari, lakini babu anasema walikufa kwa ukame, labda yote mawili," huyo mpe alama zako zote. Na mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna mzee, au aliyehamia Dodoma juzi kwa sababu wazazi wamehamishwa kikazi, mtafutie mzee wa mtaani au umwite mzee mmoja shuleni awasimulie wote. Asikose alama kwa kukosa babu.

Hili la mwisho linaniuma, na nitalisema kwa ukali kidogo. Tunatoa kazi mradi: chora bangokitita la Reli ya Kati, tengeneza mfano wa nyumba ya tembe, leteni picha za viongozi. Siku ya kukusanya, meza imejaa manila zenye kalamu za rangi, picha zilizochapishwa kwenye duka la vifaa vya kuandikia, herufi za kukata ambazo unaona kabisa mkono wa mtu mzima. Pembeni kuna karatasi ya daftari iliyokunjwa, imechorwa kwa penseli. Alama za juu zinakwenda wapi? Ndugu zangu, siku ile hatukupima Maarifa ya Jamii, tulipima mfuko wa mzazi. Mtoto wa kijijini Bahi ambaye mama yake anauza kuni hana mia tano ya manila, na hapaswi kulipia alama. Kazi yoyote itakayoingia kwenye ripoti ifanyikie darasani, kwa vifaa ambavyo shule imevitoa au vinavyookotwa bure. Ramani ya njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni, yenye ufunguo, mwelekeo na alama za miti na makorongo, inachorwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, na inapima jiografia zaidi ya manila yoyote. Tena mtoto anayepita porini kuja shule huchora ramani tajiri kuliko anayeletwa kwa gari.

Kuhusu uraia na maadili nitakuwa mfupi, lakini ni mahali pa kuwa waangalifu. Ukimuuliza mtoto kama kuwasaidia wazee ni vizuri, atajibu ndiyo, na hata mwizi atajibu ndiyo. Mpe jambo lenye pande mbili. Kijiji kina kisima kimoja cha pampu. Kiangazi kimekuwa kirefu. Kamati ya maji inapendekeza kila kaya ilipe ili pampu itengenezwe. Kuna kaya tatu za vikongwe zisizo na kitu, na kuna mfugaji mwenye ng'ombe sitini wanaokunywa hapohapo. Kijiji kiamue nini, na ni nani mwenye mamlaka ya kuamua? Swali hilo linapima kama anajua kuna halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Linapima pia kama anaweza kutoa sababu zinazowajali wengine. Pima sababu. Usipime upande alioegemea. Mtoto wa mfugaji akimtetea mfugaji kwa sababu nzuri, ana haki ya alama zake.

Na tabia ya mtoto usiitie namba kwa kukisia. Mkimya si lazima awe na nidhamu, na mwenye maswali mengi si lazima awe mkorofi. Kwenye ripoti andika kitu ulichokiona kwa macho: "Aliwapangia wenzake zamu ya kumwagilia miti na akaisimamia muhula mzima." Mzazi akisoma hivyo anajua mwanawe ni nani. Akisoma "tabia: B" hajui chochote.

Jambo jingine dogo ni lugha. Katika mkoa wetu wapo watoto wanaofikiri kwa Kigogo, Kirangi, Kisandawe, Kiburunge. Kabla hujasema mtoto hajui jiografia, msomee swali kwa sauti, au mwache aeleze kwa mdomo. Mara nyingi kilichomshinda ni neno moja la swali. Wanaofundisha kidato cha kwanza wanalijua zaidi, kwa sababu ya kuhamia Kiingereza ghafla.

Maswali ya kuchagua siyafukuzi. Yatungeni vizuri, yanaweza kufanya kazi kubwa. Chukueni Sensa ya 2022: Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, na mkoa wa Dodoma 3,085,625. Muulize mtoto: katika kila watu 100 wa Tanzania, karibu wangapi walikuwa Dodoma? A. 3. B. 5. C. 20. D. 50. Jibu ni 5. Lakini tazameni yale mengine. Anayechagua 3 ameona "milioni tatu" akaishia hapo. Anayechagua 20 amepata kwamba ni mtu mmoja katika kila watu ishirini, akasahau swali lilisema 100. Huyo yuko karibu sana, anahitaji sentensi moja tu ya kusaidiwa. Wa 50 amepotelea kwenye desimali, mpeleke kwa mwalimu wa Hisabati. Kila kosa linakuambia kesho ufundishe nini. Swali la kuchagua ambalo majibu yake mabaya yamewekwa kujaza nafasi halikuambii kitu.

Wapo watakaosema: haya ni mazuri, lakini mwisho wa siku mtoto atafanya mtihani wa Baraza, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, shule inapimwa kwa matokeo hayo. Nakubali shinikizo ni la kweli, najua mnavyoitwa vikaoni matokeo yakishuka. Waandaeni watoto kwa umbo la karatasi ya Baraza, wiki za mwisho, kwa mitihani ya utamilifu. Lakini mtoto aliyejibu lile swali la Kongwa kwa akili yake haisahau 1947. Aliyeikariri kwa ajili ya Ijumaa, Jumatatu haipo.

Mchana huu hatutakuwa na hotuba nyingine. Mtakaa kwa wilaya, kila wilaya itunge swali moja lenye ushahidi ndani yake, na vigezo vya alama tatu. Kondoa na Chemba mchukue michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Swali lenu limtake mtoto atenganishe kile anachokiona mwambani na kile anachokidhania tu. Kongwa, nimewamalizia karanga, kwa hiyo chukueni kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliokaa kwenu miaka ya 1960. Chamwino na Bahi, watu kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa wakati wa Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, mkiwatumia wazee waliokuwepo, maana hao bado tunao. Mpwapwa, njia ya misafara iliyokuwa ikitoka pwani. Jiji, uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, pamoja na ramani ya zamani na ya sasa.

Mkimaliza, swali lenu lipelekeni kwa kundi la jirani walijibu kwa maandishi kama wanafunzi, kabla hawajaona vigezo. Vigezo vifuate baadaye, na majibu yasahihishwe na watu wawili tofauti wasioonyeshana alama. Mkitofautiana kwa alama moja, jadilini kigezo. Mkitofautiana kwa mbili, kigezo hicho kifuteni muandike kingine. Karatasi ziko kwa mwalimu wa taaluma pale mlangoni, na chakula kiko tayari. Tunaanza saa nane kamili.